Snapshoti, Yaliyopita na Swali la Kurudi Nyuma katika Bonde la Ufa

Swali la iwapo yaliyopita bado yapo kwa namna fulani, au yametoweka na kuacha alama tu, ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, na kwa kawaida huulizwa kuhusu roho, mataifa na ujuzi wa Mungu. Ni nadra kuulizwa kuhusu diski za kompyuta, ingawa huko ndiko lilikopata, katika miongo mitatu iliyopita, jibu lililo wazi kuliko mengi ya vitabuni, kwa sababu mhandisi hana ruhusa aliyo nayo mwanafalsafa ya kuliacha swali likining'inia. Jibu hilo huitwa snapshoti ya mfumo wa faili. Mfumo wa faili ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta kupanga data kwenye diski ili kila faili iwe na jina, mahali na tarehe zake. Snapshoti ni hali ya mfumo huo wote kama ulivyokuwa katika nukta moja ya wakati, iliyozuiwa isibadilike, ilhali mfumo wenyewe unaendelea kuandikwa na kufutwa kama kawaida. Wazo hilo lilielezwa kwa kina mwaka 1994 na Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm wa kampuni ya NetApp, kisha likapanuliwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun Microsystems, walioanza kuunda mfumo wa ZFS mwaka 2001, nao msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005. Nakuru na Bonde la Ufa la kati ni mahali pafaapo kulipimia jibu hilo, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako watu wengi hivyo wamedai, kila mmoja kwa haki anayoiona kuwa timilifu, kwamba mambo yarudishwe kama yalivyokuwa siku fulani.

Njia ya kawaida ya kuziona snapshoti ni mstari wa amri, yaani ile skrini ya maandishi matupu ambamo mtumiaji huandika agizo na mashine ikamjibu kwa maandishi. Msimamizi wa seva katika chuo au ofisi yoyote ya Nakuru inayotumia ZFS, akiandika zfs list bila nyongeza, kwa kawaida huonyeshwa mifumo iliyo hai peke yake. Ni mpaka aongeze -t snapshot, yaani aulize kwa makusudi, ndipo orodha ya nyakati zilizoshikwa itokeze. Vivyo hivyo saraka iitwayo .zfs, ambamo hali hizo za zamani zaweza kufunguliwa na kusomwa faili baada ya faili, haitajwi katika orodha ya kawaida ya saraka, lakini anayelijua jina lake na kuliita huingia bila kizuizi. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, alihitimisha kwamba wakati uliopita hauna mahali pengine pa kukaa ila katika kumbukumbu ya mtu aliyeko sasa, kwa hiyo ni nafsi inayokumbuka ndiyo inayoupa uhai wake wote. Orodha ya msimamizi inakubaliana naye nusu ya njia tu. Inakubali kwamba yaliyopita husomwa kutoka sasa na kwa tendo la anayeuliza, lakini inakataa kwamba kuuliza ndiko kunakoyaumba, maana bloku zake zilikuwa pale kabla ya swali na zitabaki pale hata asipotokea mtu wa kuuliza.

Lililo la ajabu zaidi ni namna hali hiyo inavyoshikwa. Asiyejua angedhani kwamba snapshoti ni nakala, na kwamba kuhifadhi hali ya jana ya diski yenye terabaiti 10 kunahitaji terabaiti nyingine 10. Sivyo. Mfumo wa aina hii hauandiki kamwe juu ya kilichopo: data inapobadilishwa, sehemu mpya ya data, iitwayo bloku, huandikwa penye nafasi, kisha vielekezi, yaani kumbukumbu ndogo zinazoonyesha data iko wapi, hurekebishwa viielekee bloku mpya, na bloku ya zamani hurudishwa katika nafasi huru ikiwa hakuna anayeihitaji. Ni desturi ya mwenye duka mwaminifu ambaye hafuti deni kwa raba, bali huandika mstari mpya chini yake. Kuchukua snapshoti, basi, ni kutangaza kwamba bloku zilizopo wakati huo hazitarudishwa katika nafasi huru, na tangazo hilo hukamilika kwa muda mfupi sana hata diski ikiwa kubwa namna gani. Hapa pana fundisho ambalo wanafalsafa wa wakati wamelikaribia mara chache: yaliyopita hayahifadhiwi kwa kuongeza kitu, yanahifadhiwa kwa katazo, yaani kwa sasa kujinyima uwezo wa kuyaandika upya.

Orodha yenyewe ina safu kadhaa, na mbili kati yake zinastahili kukaliwa kwa muda. Safu ya REFER huonyesha ukubwa wa data yote inayosomeka kupitia snapshoti. Safu ya USED huonyesha kiasi cha nafasi kinachoshikwa na snapshoti hiyo pekee, yaani kiasi ambacho kingeachiliwa kama ingeharibiwa. Snapshoti iliyochukuliwa sasa hivi yaweza kuwa na REFER ya mamia ya gigabaiti na USED ya sifuri, kwa kuwa kila inachokielekea bado kinaelekewa na mfumo hai. USED huanza kupanda pale tu mfumo hai unapobadilika, nayo hupanda kwa kiasi cha mabadiliko hayo; mwenye snapshoti moja tu anayefuta nusu ya faili zake usiku mmoja ataikuta snapshoti hiyo ya jana yake, ambayo haikuguswa na mtu, imekuwa nzito ghafla. Uzito wa yaliyopita hautokani nayo yenyewe. Ni kipimo cha umbali ambao sasa imejitenga nayo, na pengine hii ndiyo sababu historia ya ardhi huwa nyepesi vinywani mwa wale ambao mashamba yao hayakuhama mikono, na nzito mno kwa waliohamishwa.

Kuna jambo jingine katika safu hiyo ambalo huwachanganya hata wasimamizi wazoefu. Bloku iliyofutwa katika mfumo hai lakini ikashikwa na snapshoti mbili haihesabiwi katika USED ya hata moja kati ya hizo, kwa sababu kuiharibu mojawapo hakungeiachilia; kwa hiyo msimamizi anaweza kuona snapshoti 20, kila moja ikionyesha kiasi kidogo mno, na papo hapo diski yake ikawa imejaa, mpaka atazame sifa nyingine, usedbysnapshots, inayopima zote kwa pamoja. Bonde la Ufa lina tajiriba ya hesabu ya namna hii. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilichunguza mapigano ya kikabila yaliyotokea tangu 1991, yakiwemo ya Molo na Njoro. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Januari 2008 ziliikumba Nakuru na Naivasha. Na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikatoa ripoti yake mwaka 2013. Kila mara umma ulitaka kujua nani alifanya nini, nalo ni swali halali ambalo haki ya jinai haiwezi kuliepuka. Lakini maovu yaliyoshikwa na wengi kwa pamoja, kama vile ugawaji wa ardhi ambao kila afisa aliutia saini sehemu yake tu, huonekana kuwa karibu na sifuri katika mstari wa kila mmoja. Anayejumlisha mistari hiyo na kudhani amepata jumla amekosea hesabu, na kosa hilo hutangulia maadili: ameuliza sifa isiyo yake.

Nakuru ilikua kando ya reli ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai uliowaondoa katika sakafu ya Bonde la Ufa na kuwapeleka katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, na mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa hata Laikipia. Ardhi iliyoachwa ikawa mashamba ya walowezi wa Kizungu, kama yale ya Lord Delamere huko Njoro na Soysambu, na wakaletwa au wakaja wenyewe wafanyakazi kutoka jamii nyingine, wengi wao Wakikuyu na Wakalenjin, waliolima na kufuga humo vizazi viwili bila hati. Wakati wa uhuru yakaja mashamba ya makazi na kampuni za kununua ardhi, ambamo watu wa kawaida waliweka akiba zao na kupata hisa, wengine wakapata hatimiliki na wengine wakabaki na risiti. Kila moja ya nyakati hizi, yaani kabla ya 1904, kabla ya 1963 na baada yake, ina watu wanaoiona kuwa ndiyo hali halisi ya bonde hili, ambayo nyingine zote ni upotofu wake.

Sasa, ZFS inayo amri ya kurudisha mfumo mzima katika hali ya snapshoti fulani, yaani zfs rollback. Ikiachwa bila nyongeza, hukubali kurudi katika snapshoti ya mwisho tu, na yote yaliyoandikwa tangu hapo hupotea. Msimamizi akitaka kurudi mbali zaidi, mashine humkatalia mpaka aongeze -r, na maana ya herufi hiyo moja ni kwamba snapshoti zote zilizochukuliwa baada ya ile aitakayo ziharibiwe. Haiwezekani kurudi katika ya kwanza na kubaki na ya pili na ya tatu. Watu wamezoea kuwafikiria wanaodai kurudi nyuma kama watetezi wa kumbukumbu, na wapinzani wao kama wasahaulifu, lakini mantiki ya amri hii inaonyesha kinyume: kurudi ni njia mojawapo ya kusahau, tena iliyo kali kuliko zote, maana hufuta kilichopo leo pamoja na ushahidi wa yote yaliyotokea kati ya leo na siku ile iliyoteuliwa. Waliowafukuza majirani zao Molo mwaka 1992 kwa jina la mpangilio wa zamani hawakuwa wakiikumbuka historia kupita kiasi. Walikuwa wakiiharibu miaka yote iliyofuata ile waliyoichagua.

Kusoma ni tendo jingine kabisa. Snapshoti husomwa bila kuguswa, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa namna nyingi za kuyasoma yaliyopita huyala. Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, mwaka 1937, na mwaka uliofuata akiwa na Louis Leakey katika pango la Mto Njoro, walikokuta masalia ya wafu waliochomwa pamoja na bakuli za mawe na shanga, tabaka la juu liliondolewa ili la chini lionekane, na tangu hapo linalobaki la mpangilio ule ni michoro, maelezo na vitu vilivyokusanywa. Mwanaakiolojia hujua kwamba ukurasa alioufungua hatausoma mwingine. Msimamizi wa snapshoti ana bahati asiyokuwa nayo mchimbaji, na ndiyo maana hana udhuru akichagua kurudi ilhali kusoma kungemtosha.

Hata hivyo, dini zimeuliza swali ambalo kusoma peke yake hakulijibu, nalo ni la kufuta. Aristotle, akimtaja mshairi Agathon, alikubali kwamba hata Mungu amenyimwa jambo moja, kulifanya lililotendwa lisiwe limetendwa. Katika karne ya 11 Petro Damiani aliona kauli ya aina hiyo inapunguza uweza wa Mungu, akabishana nayo, na baadaye Thoma wa Akwino akarudi upande wa Aristotle kwa hoja kwamba jambo linalojipinga lenyewe si jambo la kuwezwa. Papo hapo Biblia, katika kitabu cha nabii Isaya, inamwonyesha Mungu akiahidi kutozikumbuka dhambi, na Kurani, katika Sura ya Ar-Ra'd, inamnasibishia Mwenyezi Mungu kufuta na kuthibitisha, kisha ikaeleza kwamba asili ya Kitabu iko kwake. Waumini wa Nakuru wanaosali Jumapili au Ijumaa husikia mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: hakuna kisichoandikwa, na kilichoandikwa chaweza kufutwa.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 imelishusha swali hilo kutoka mimbarini hadi ofisini, kwa kumpa mtu haki ya kudai data yake ya uongo au ya kupotosha irekebishwe au ifutwe. Msimamizi anayeitii sheria hiyo huifuta rekodi katika mfumo hai, mtumiaji akaitafuta asiione, na bado imo katika kila snapshoti iliyochukuliwa kabla ya kufutwa. Tena hawezi kuitoa faili moja ndani ya snapshoti, kwa kuwa snapshoti haiandikiki. Anachoweza ni kuiharibu yote, na kupoteza kumbukumbu ya siku nzima ya watu wote kwa ajili ya mmoja, au kungoja ifike muda wake wa kuharibiwa. Hapo ndipo maana mbili za msamaha zinapotengana. Msamaha kama ufutaji kamili una gharama ambayo mara nyingi hulipwa na wengine, maana tukio moja haling'oki peke yake, limeshikamana na ushahidi wa watu ambao hawakuulizwa. Msamaha wa pili ni ule ambao rekodi hubaki lakini huondolewa katika mfumo hai, yaani haitumiwi tena kumhukumu mtu katika shughuli za leo, ingawa anayeitafuta kwa haki ataikuta. Wanateolojia wengi waliolitafakari tamko la Isaya wamelielewa kwa maana ya pili, kwa sababu Mungu asiyejua yaliyotokea angekuwa na upungufu wa kuyajua, ilhali anayejua na asiyehesabu hana upungufu wowote.

John Mbiti, mwanateolojia Mkenya na kasisi wa Kianglikana, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza wakati kuwa na pande mbili, Sasa na Zamani, ambapo matukio hutoka Sasa na kuingia Zamani, na marehemu wakabaki katika Sasa kwa muda wote ambao kuna mtu aliye hai anayewakumbuka kwa majina. Mwanafalsafa Mghana Kwame Gyekye alimpinga, hasa kuhusu madai kwamba fikra za Kiafrika karibu hazina wakati ujao, na upinzani huo ulikuwa na nguvu. Lakini sehemu inayohusu majina imesimama. Katika ZFS snapshoti yaweza kufungwa kwa amri ya hold, ambayo huambatisha jina kwake. Majina yakiwa matano, yaliyowekwa na watu watano, snapshoti haiharibiki mpaka la tano nalo liondolewe. Kuwapo kwa yaliyopita kunategemea idadi ya waliokataa kuyaachilia, na aliye wa mwisho ana uzito sawa na wote waliotangulia.

Udhaifu mkubwa wa jibu la mhandisi uko kwingine. Snapshoti hushika yaliyokwisha kuandikwa, haishiki yaliyokuwa bado katika kumbukumbu ya muda ya programu ambayo haijayakabidhi kwa mfumo wa faili, wala yaliyoandikwa na kufutwa kati ya snapshoti moja na nyingine. Ni timilifu kuhusu diski, na diski si ulimwengu. Waogiek wa msitu wa Mau, magharibi na kusini ya Nakuru, waliishi kwa uwindaji na asali bila rejista yoyote ya ardhi, na pale tume ya kikoloni ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kati ya 1932 na 1934 ilipowaandika, ilipendekeza wamezwe na jamii jirani. Rekodi hiyo rasmi ya madai yao ilikuwa pendekezo la kuwafuta. Anayeorodhesha nyakati za Mau kwa kuamini kwamba orodha ndiyo historia atamkuta Mwogiek kama mvamizi wa msitu wa serikali, na hataona kosa katika orodha, kwa sababu kila mstari wake ni wa kweli.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, na ardhi yao ya asili ipimwe, iwekewe mipaka na kupewa hati ya pamoja. Amri hiyo haikuwa ya kusoma tu wala ya kurudi. Katika lugha ya mifumo ya faili inakaribia kitu cha tatu kiitwacho kloni, yaani tawi linaloandikika, lililoanzishwa juu ya snapshoti ya zamani, likaendelea kuishi na kubadilika kando ya mfumo uliopo bila kuufuta. Kloni ina sifa mbili zinazoihusu haki moja kwa moja. Kwanza, maadamu ipo, snapshoti iliyozaa tawi hilo haiwezi kuharibiwa, kwa hiyo fidia inailinda kumbukumbu badala ya kuifunga. Pili, anayerudisha mfumo nyuma kwa nguvu zaidi, kwa kuongeza -R kubwa, huharibu hata kloni zilizoota juu ya snapshoti za baadaye, na hivyo kila anayedai kurudi kikamilifu hudai pia kuondolewa kwa fidia zilizokwisha kutolewa kwa wengine. Kloni si bure, hata hivyo. Inapoanza haina gharama, kama snapshoti, lakini kila inapokua hula nafasi ya diski ileile inayotumiwa na mfumo hai, na mwenye mfumo hai huanza kuihesabu kuwa mzigo. Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya amri ya Arusha, familia za Waogiek zilikuwa zikiondolewa Sasimwani, upande wa Narok, kwa hoja ya kuuhifadhi msitu.